Kompyuta imelitia chego langu rangi nyekundu, simu inasema sina tatizo

BARUA

Assalaamu alaykum Bi Tabibu,

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Wete, nina miaka 26, nina mke na mtoto mmoja. Mwaka jana, katikati ya vuno la karafuu, chego langu la mwisho la chini upande wa kulia lilinishika vibaya. Shavu likavimba, kinywa hakifunguki hata kupitisha kijiko, nikawa nasomesha kwa ishara. Bibi yangu akanitilia pamba yenye mafuta ya karafuu. Maumivu yalitulia kidogo lakini ufizi ukababuka. Hospitali wakanipa dawa za kukausha usaha, nikapona. Mwaka huu, baada ya Idd-el-Fitri, yakarudi yale yale.

Safari hii nikapanda boti mpaka Unguja, kwenye kliniki moja ya binafsi niliyoelekezwa na rafiki. Wakanisimamisha kwenye mashine inayozunguka kichwa, picha ikatokea kwenye kompyuta. Hapo ndipo nilipostaajabu. Kompyuta yenyewe ikayapaka meno rangi moja baada ya jingine, ikayapa nambari, halafu ikachora mstari mwekundu chini ya chego langu na kuandika kuwa mzizi umegusana na mshipa, hatari kubwa. Daktari, kijana mpole tu, akaniambia hiyo ni akili mnemba na haikosei kama macho ya mtu. Akanishauri nitolewe machego yote manne kwa mara moja, na kabla ya hapo nipige picha nyingine kubwa zaidi, ambayo bei yake kwa posho ya madrasa si mchezo.

Niliipiga ile skrini kwa simu, nikarudi Pemba. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu cha SUZA akaiingiza picha ile kwenye programu ya kuzungumza nayo aliyonayo kwenye simu. Ikajibu kwa ufasaha kabisa: jino halijaugusa mshipa, ondoa wasiwasi. Kesho yake akaiuliza tena, ikasema jino lenye matatizo ni la kushoto.

Sasa nyumbani kila mtu na lake. Baba mkwe anasema anamjua mtu wa Konde aliyetolewa chego, mdomo ukafa ganzi mpaka leo. Mama anasema nisithubutu, jino halina haja ya kisu. Mpwa anasema mashine mbili zikibishana nitafute ya tatu. Mie hofu yangu ni kusoma. Kazi yangu yote iko kwenye midomo na ulimi, na nina vijana wanaojiandaa na mashindano ya Qur-ani. Niiamini kompyuta ya kliniki, ya simu, au nisiamini yoyote?

Mwalimu, Wete

JIBU

Waalaykumu ssalaam, Ustadh. Pole sana. Anayesema jino halina haja ya kisu hajawahi kulala na chego lililovimba, na hapo namuomba radhi mama yako.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Ya simu itupe kabisa. Ya kliniki ichukue kuwa ni sababu ya kutazama zaidi. Isikufanye ukimbilie kisu, wala isikufanye ukikimbie. Na hayo machego mengine matatu yaache yalipo mpaka mtu akuoneshe kosa lao moja moja.

Tuanze na picha yenyewe. Ile eksirei inayozunguka kichwa inalikunjua taya lako na kulilaza kama karatasi. Kila kitu kinaonekana, kuanzia chego la kulia hadi la kushoto, lakini kina kimepotea. Ukisimama ufukweni jioni ukaziona ngalawa mbili kwa mbali, milingoti yao inaweza kuonekana imeshikana, kumbe moja iko mbele ya nyenzake masafa marefu. Mzizi wa chego na mfereji wa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa wa taya hufanya vivyo hivyo. Katika picha ya bapa vinapandana. Mdomoni mwako huenda vimegusana, huenda mshipa unapita nje ya mzizi upande wa shavu, huenda unapita ndani upande wa ulimi.

Madaktari walilijua tatizo hili kabla kompyuta hazijaingia kliniki. Mwaka 1990 Rood na Shehab, kule Uingereza, walieleza dalili za kutazama kwenye picha. Tatu kati yake ndizo zinazotajwa zaidi hadi leo: mzizi kuwa na kiza pale unapokutana na mfereji, ule mstari mweupe wa ukuta wa mfereji kukatika, na mfereji wenyewe kupinda ghafla. Daktari yeyote wa meno aliyesoma vizuri anaweza kukuonesha dalili hizo kwa ncha ya kalamu. Kwa hiyo swali la mwanzo la kumuuliza yule kijana ni hili: "Daktari, ukiziondoa hizo rangi, wewe mwenyewe unaona nini?" Akikuonesha mstari mweupe uliokatika, umempata daktari. Akikwambia tu kwamba mashine imesema, tafuta mwengine.

Na hiyo mashine inajuaje? Haijui chochote kuhusu wewe. Imefunzwa kwa picha ambazo wataalamu walizichora kwa mkono: hapa jino, hapa mzizi, hapa mfereji. Baada ya mifano ya kutosha inaweza kuchora yenyewe kwenye picha mpya. Mwaka 2019 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha kazi ya namna hiyo hasa, ya kuyatambua machego ya mwisho na mshipa wa taya la chini. Walipopima mchoro wa kompyuta kwa kuulinganisha na wa wataalamu, meno yalipata karibu 0.95 kati ya 1, mshipa ukapata karibu 0.85. Tofauti hiyo si ya bahati mbaya. Jino ni gumu, jeupe, lina umbo. Mfereji ni kivuli chembamba ambacho pengine hakionekani kabisa katika baadhi ya sehemu, na hata wataalamu wawili hawauchori sawa. Basi rangi nzuri za meno zisikufanye uamini kuwa na ule mstari mwekundu umechorwa kwa uhakika ule ule. Halafu zile zilikuwa picha za wagonjwa wa Uholanzi. Programu iliyo kliniki hapo Unguja imefunzwa kwa mataya ya nani? Ni swali la adabu kabisa, na muuzaji wa programu anatakiwa awe na jibu lake.

Sasa hapa nitamtetea kidogo yule daktari kijana, maana naona wasomaji wengine tayari wameshamhukumu. Aliposema mashine inayashinda macho ya mtu hakutunga. Mwaka 2022 watafiti wa Korea Kusini waliipa programu na mabingwa wa upasuaji wa kinywa picha zile zile za bapa, ambazo mzizi na mfereji vimepandana, wakawataka waseme kama vimegusana kweli. Jibu sahihi lilitoka kwenye sitiskani, ile picha inayoonesha pande tatu. Programu ilipatia mara 72 hivi katika kila 100. Mabingwa walikuwa kati ya 53 na 70. Kwa hiyo, ndiyo, ilishinda. Lakini Ustadh, wewe unasahihisha mitihani: anayekosea zaidi ya robo ya maswali huwezi kumwita asiyekosea. Picha ya bapa haina habari ya kutosha, na hakuna akili, ya mtu wala ya kompyuta, itakayoitoa habari isiyokuwemo.

Ndiyo maana ile picha ya pili uliyoambiwa, naamini ni sitiskani ndogo ya taya, si lazima iwe njama ya kukumaliza posho. Hiyo inaonesha pande tatu, na ngalawa zako utaziona kutoka juu. Ina mionzi zaidi kuliko eksirei ya kawaida, kwa kiasi kinachotegemea mashine na ukubwa wa sehemu inayopigwa, kwa hiyo haipigwi kwa kila mtu wala kwa kujifurahisha. Hupigwa pale ambapo picha ya kwanza ina dalili za hatari, jino limeshaonekana linahitaji kutolewa, na majibu yake yatabadilisha namna ya upasuaji. Kwako wewe masharti hayo naona yametimia. Ila waambie wapige upande wa kulia chini tu, kama hawana sababu ya zaidi.

Kama litahitaji kutolewa, hilo nalo halikuamuliwa na rangi nyekundu. Limeamuliwa na shavu lako. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2000 unasema chego lililokwama lisilo na ugonjwa lisitolewe kwa kinga tu. Na uvimbe wa ufizi juu ya chego ukitokea mara moja bila makali unaweza kutibiwa na kuachwa, lakini ukirudi mara ya pili ni sababu ya kulitoa. Wewe umeshavimba mara mbili, na mara ya kwanza kinywa kilikataa kufunguka. Picha haina historia hiyo. Programu ingeweza kulipaka chego lako kijani, na mie ningekwambia bado ulitoe. Kule Marekani madaktari wengi wana mwelekeo wa kuyatoa mapema kabla hayajaleta taabu, kwa hiyo kijana wako pengine amesomea vitabu vya upande huo. Lakini manne kwa mara moja, kwa mtu mwenye moja linalomsumbua? Akupe sababu ya kila moja. Ninaijua moja inayokubalika: chego la juu kulia likiwa linaung'ata ule ufizi uliovimba chini yake, huenda likatolewa nalo. La kushoto limekukosea nini?

Nije kwenye simu ya mpwa wako. Nampenda kwa kukuhangaikia, lakini alichokifanya ni kuichukua ile picha uliyoipiga skrini, yenye mwanga wa taa na rangi za programu nyingine juu yake, kisha akaiuliza programu ya mazungumzo ambayo kazi yake ni kupanga maneno yakae vizuri. Haikupima kitu, ilijibu. Na kile kichekesho cha kulia na kushoto huenda kina sababu yake: katika eksirei ya meno, upande wako wa kulia huonekana kushoto mwa picha, kana kwamba mgonjwa amekaa akikutazama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa hilo mapema. Zaidi ya hayo, pembeni mwa picha kama hizo aghalabu huandikwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa. Mwambie aangalie alituma nini, na afute kinachofutika. Akitaka kukusaidia kweli, airudie kliniki kwa niaba yako akuombee faili lenyewe la picha kwenye kidude cha kuhifadhia. Ni picha yako, umeilipia, na daktari wa pili hatakuwa na kazi ya kukupiga mionzi upya.

Sasa kusoma, ambako najua ndiko ulikokuwa ukitaka nifike tangu mwanzo.

Mshipa ule uliochorwa mwekundu ni wa hisia. Unapeleka habari za mdomo wa chini, kidevu na meno ya chini upande mmoja. Hauuchezeshi mdomo, anayeuchezesha ni mshipa mwengine kabisa, unaopita usoni. Kwa hiyo hata ukiumia, mdomo haupindi wala haupoozi. Kinachotokea ni ganzi, au kama sisimizi, au mtu kujing'ata na kutoona chai imemwagika kidevuni. Ba, mim, fa na waw utazitoa. Huenda mwanzoni ukazisikia ngeni, kama unavyosikia unapotoka kupigwa sindano ya ganzi. Ganzi ya kudumu ya mdomo, kwa machego ya chini kwa jumla, humpata chini ya mtu mmoja katika kila 100. Ya muda humpata mtu mara nyingi zaidi na kwa wengi huondoka ndani ya wiki au miezi. Mzizi ukiwa umegusana na mshipa, hatari inapanda juu ya hapo. Yule mtu wa Konde anayetajwa na baba mkwe sina sababu ya kumkanusha. Wapo.

Ila mie ningekuwa wewe, ningeuliza zaidi kuhusu ulimi. Upande wa ndani wa taya, karibu sana na chego la mwisho, unapita mshipa wa hisia na ladha ya ulimi. Huo haumo ndani ya mfupa. Uko kwenye nyama, na nyama ya namna hiyo haionekani kwenye eksirei ile wala kwenye sitiskani ya meno. Kompyuta haikuupaka rangi kwa sababu haiwezi kuuona. Kwa mwalimu wa tajwidi, ambaye dhadi yake inatoka ubavuni mwa ulimi dhidi ya magego ya juu, huo ndio mshipa wa kuuwekea mkazo, na usalama wake umo mikononi mwa anayekata: wapi anapasua ufizi, na kama anajizuia kuchimba upande wa ulimi. Muulize hivyo hivyo, bila haya. Muulize pia ameshatoa machego mangapi ya namna yako. Bingwa hakasiriki.

Na kuna njia ambayo hukuambiwa. Sitiskani ikionesha kwamba mizizi kweli imeukumbatia mshipa, daktari anaweza kulikata jino kichwa, akakitoa, akaiacha mizizi ndani ya mfupa. Si kila jino linafaa; likiwa limeoza hadi ndani au linatikisika haifanywi, na pengine mizizi husogea baadaye ikahitaji kutolewa. Lakini hatari ya mshipa inapungua, na kwa mtu wa kazi yako inafaa kuitaja kabla hujatia saini.

Kwa njia ya kwenda: anza na daktari wa meno wa hospitali iliyo karibu nawe hapo Pemba, umueleze mara zote mbili ulizovimba, umuombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ili umwone anayefanya upasuaji wa kinywa. Unakwenda na faili la picha, na unakwenda na karatasi ya kile programu ilichoandika pia. Usiifiche. Mie naona faida kubwa ya programu hizi kwetu iko hapo hasa, visiwani, ambako mtu anatoka Micheweni kwenda Unguja kwa ajili ya jino moja: zikimsaidia tabibu aliye peke yake kujua nani anaweza kumtibu pale pale na nani ampandishe boti, zitakuwa zimefanya kazi. Kumwambia mgonjwa "hatari kubwa" kwa herufi nyekundu na kumuacha arudi nalo nyumbani si kazi.

Mafuta ya karafuu ya bibi yako yasitukanwe, maana dawa iliyomo ndani yake, eujenoli, inatumika hata katika baadhi ya sementi za madaktari wa meno. Lakini mafuta matupu yanaunguza ufizi, kama ulivyoona, na usaha hayautoi. Ukihisi linaanza tena, sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi mara kwa mara, na piga mswaki nyuma kule hata kama panauma, kwa sababu mabaki ya chakula chini ya ufizi ndiyo yanayoanzisha. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukapata homa, au kumeza na kupumua kukawa kwa taabu, hapo hakuna kusubiri rufaa wala kusubiri kuche. Hospitali usiku huo huo.

Kuhusu tarehe, usikubali kufanyiwa karibu na mashindano. Baada ya upasuaji wa chego la chini kinywa hukaza na shavu huvimba, na wiki ya kwanza, pengine ya pili, hutaweza kupanua mdomo kwa kisomo kirefu. Vijana wako wapate mtu wa kuwasikiliza kwa muda huo. Na mkeo mwambie mapema kuwa siku za mwanzo ni uji wa vuguvugu, si wa moto, na kwa kijiko. Usinywe kitu kwa mrija, maana ule mvuto unaweza kung'oa damu iliyoganda kwenye shimo, na maumivu yanayofuata hapo yanalizidi chego lenyewe.